Mafuta Kwenye Fimbo ya Pek-hun

Raundi ya saba ilikuwa haijafika katikati, na Bi Siok-go alishahesabu mara kumi na moja mkwe wake akiipangusa fimbo. Alikuwa amekaa safu ya tatu katika ukumbi wa michezo wa Taichung, mkoba kaupakata magotini, amevaa blauzi yake ya kuendea harusi za watu. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuona mchezo wa pool, na kwa kuwa mipira ilimchanganya, alitazama kitu alichokielewa, nacho ni mikono. Pek-hun alianza na kitambaa chenye unyevu, kutoka juu kuja chini. Akafuatisha taulo kavu. Halafu akatoa mfukoni noti nyekundu ya mia, akaizungushia kwenye fimbo, akasugua juu chini, juu chini, mpaka ukaona kabisa kwamba vidole vinapata moto.

"Jamani! Anasugulia pesa?" Bi Siok-go alimgeukia mwanawe Bun-liong, mume wa Pek-hun.

"Karatasi ya noti ni ngumu, Mama. Inalainisha mti bila kuula." Bun-liong hakuondoa macho kwenye meza. "Msasa unakula. Fimbo ikikonda hata unene wa unywele, mkono unaona ugeni."

Bi Siok-go aliguna. Miaka thelathini na moja amesugua mbao katika karakana ya wachonga madhabahu kule Lukang, na alidhani hakuna aliyebaki duniani wa kumfundisha habari za mti. "Na mbona hapumziki? Kila akipiga, anapangusa. Kila akipiga, anapangusa."

"Hilo hata mimi nashangaa. Kawaida ni mara moja kila raundi." Bun-liong alikutanisha kidole gumba na cha shahada vikawa pete. "Fimbo inapita hapa. Inatakiwa iteleze kama hakuna kitu. Ikigoma, hata kidogo tu, mpira unakwenda zake."

Nyuma yao wanaume wawili walikuwa wanamenya karanga. Mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, "Huyu mama wa Lukang leo vipi? Anacheza pool au anaosha vyombo?"

"Kazoea jikoni," mwenzake akajibu, wakacheka.

Laiti wangesema hivyo wiki iliyopita, Bi Siok-go angecheka nao. Leo aligeuka mzima mzima. "Nyie mmekuja kutazama au kutafuna?" Wakamenya polepole.

Mezani Pek-hun aliinama. Mpira ulikuwa rahisi, hata Bi Siok-go aliona ni rahisi. Shimo liko wazi pale pale. Fimbo ikaenda mbele, na katikati ya njia ikashtuka, kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga kokoto. Mpira ukagonga mdomo wa shimo ukarudi. Ukumbi ukaguna. Mpinzani wake Ko Sin-i, msichana wa Kaohsiung mwenye miaka kumi na tisa, akainuka akamaliza iliyobaki bila haraka. Ubao ukabadilika: tano kwa mbili. Anayefika tisa kwanza ndiye mshindi.

Pek-hun alikaa kwenye kiti chake. Alifungua kipande cha mbele cha fimbo, kile chembamba kinachopita vidoleni, akakiweka pembeni, akafunga cha akiba. Akakipitisha kwenye vidole mara mbili. Akasita. Halafu akavileta vidole vyake puani, akanusa.

Bi Siok-go aliukaza mkoba magotini. Alijua harufu anayoinusa mkwe wake.

*

Jana yake mchana Pek-hun alikuwa amempeleka binti yake kukata nywele. Kabla ya kutoka, vile vipande viwili vya mbele vya fimbo, cha kuchezea na cha akiba, alivifuta kwa kitambaa cha maji, akaviacha mezani mbele ya feni vikauke. Kila siku huviacha pale, na kila siku Bi Siok-go hupita akivitupia jicho baya. Safari hii alisimama.

Alikuwa na sababu ya kusimama. Wiki tatu kabla, siku ya kumbukumbu ya kifo cha mumewe, yeye mwenyewe ndiye aliyemsimamisha mkwe wake mbele ya madhabahu ya mababu. "Una miaka thelathini na minne," alimwambia. "Kila Jumamosi mtoto anakula wali wa kununua. Mwambie baba mkwe wako, mchezo huu unauacha lini?" Yeye ujana wake alizisikia vizuri habari za ile michezo ya fimbo na mipira: vyumba vya moshi, na wasichana wa kuandika alama wanaoitwa majina na kila mlevi. Sokoni wenzake walikuwa bado wanamuuliza, wameziba midomo kwa kiganja, kama ni kweli mkwe wake ndiye yule mwanamke anayecheza pool. Pek-hun hakubishana. Aliwasha ubani vijiti vitatu, akasema wazi, "Baba, wanachukuliwa wanane kwenda kambi ya taifa. Nisipoingia safari hii, fimbo naiweka chini, sitaishika tena."

Bi Siok-go alikuwa amepata alichokitaka. Lakini mkwe hakununa. Hakubamiza sufuria. Jioni ile ile alikuja na dawa yake ya kuchua, akapiga magoti, akamkanda magoti yake mabovu kama jana na juzi. Hilo lilimuunguza bibi kuliko matusi.

Basi jana aliposimama mezani, akakishika kimoja cha vile vipande, moyo ukamlegea. Mti mweupe, mkavu, hauna rangi wala vanishi, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa akasahauliwa kupakwa mafuta. Maskini, alijisemea, kesho ndiyo siku yake ya mwisho pengine, na anakwenda na mti uliopauka namna hii? Akachukua mkebe wake wa mafuta ya mbegu za chai, yale anayong'arishia viti vya miungu, akapaka kipande cha kwanza. Akapaka na cha pili. Akasugua kwa kitambaa laini mpaka vikawaka. Hakumwambia mtu. Ilikuwa zawadi, na pia ilikuwa njia yake ya kuomba radhi bila kufungua kinywa.

Asubuhi garini Pek-hun aliipima fimbo vidoleni, akasema, "Leo inateleza kama hariri. Hali ya hewa nzuri labda." Bi Siok-go, kiti cha nyuma, akatazama dirishani huku akitabasamu.

Asichokijua ni kwamba mti wa fimbo hauwekwi kabatini ukatazamwa. Unashikwa na mkono wenye joto. Na joto la mkono, raundi hata raundi, liliyaita yale mafuta yote yatoke nje.

*

Pek-hun alinyoosha mkono kwa mwamuzi. Kila mchezaji ana ruhusa moja ya kupumzika, dakika tano, na yeye aliichukua sasa.

Na tuseme ukweli, maana ndio uliompitia Bi Siok-go kichwani: angekaa tu. Angekaa na mkoba wake magotini, mambo yangejimaliza yenyewe. Mkwe angeshindwa, nafasi ya kambini ingekwenda kwa Sin-i, nadhiri ingetimia, na hakuna binadamu ambaye angejua. Akisema, je, nani atamwamini? Yeye aliyedai nadhiri, ndiye huyo huyo aliyeipaka fimbo mafuta siku moja kabla! Hata yeye mwenyewe asingejiamini.

Alijikuta amesimama. Akashuka zile ngazi bila kushika chuma, magoti yakilia.

"A-Hun!"

Pek-hun alikuwa nje ya ukumbi, kwenye ushoroba, fimbo mkononi, anaelekea bombani. "Mama, nanawa mikono, sina muda. Nafikiri ni jasho."

"Usinawe. Wala usiipake maji tena, maji yanazidisha."

"Yanazidisha nini?"

"Mafuta." Bi Siok-go aliinyooshea fimbo kidole. "Ni mafuta ya mbegu za chai. Nimepaka mimi. Jana, ulipompeleka mtoto kukata nywele."

Pek-hun alimtazama. "Kipande kipi?"

"Vyote viwili."

Bun-liong alikuwa amewafuata, na alifika wakati wa neno hilo la mwisho. Uso ulimbadilika. "Mama! Umefanya nini? Nadhiri umeona haitoshi, ukaona umalizie kabisa?"

"Nilitaka ing'ae."

"Ing'ae! Hiki ni kiti cha mungu hiki? Miaka kumi na miwili anahangaika, wewe siku moja, siku moja tu..."

Watu waliokuwa wananunua chai wakageuka kutazama. Bun-liong hajawahi kumpandishia mama yake sauti mbele za watu, na kibaya zaidi, kila neno lilikuwa na haki yake. Bi Siok-go alisimama pale na blauzi yake ya harusi, mdogo, akiangalia viatu.

"Acha," Pek-hun alimwambia mumewe. "Mtagombana nyumbani." Kisha akamgeukia mama mkwe wake, na kwa muda mfupi akamsoma usoni, tangu paji hata kidevu. Alisema, "Mama, unaweza kuyatoa?"

"Nina muda gani?"

"Dakika nne."

"Karakanani huwa siku mbili."

"Nne, Mama."

Na Pek-hun akampa fimbo. Fimbo ambayo hata mumewe hakuwahi kuruhusiwa kuibeba, akamkabidhi mtu aliyeiharibu, kwa mikono miwili. Bi Siok-go alisikia machozi yakimpanda, akayarudisha. Hakukuwa na nafasi ya machozi.

"Wewe mtoto, kelele zako baadaye," alimwambia Bun-liong. "Kalete ile spiriti ya kusafishia mikono pale mlangoni. Na karatasi laini, nyingi!"

Bun-liong alikimbia. Mlinzi akapaza sauti, "Kaka, hiyo chupa ni mali ya ukumbi!"

"Atairudisha!" Bi Siok-go alijibu kwa sauti iliyojaza ushoroba. "Hatukutoka Lukang kuja kuiba chupa!"

Akakaa sakafuni, akakilaza kipande kwenye paja. "Mti usiulowanishe. Lowanisha karatasi." Akafuta, kwa kuzungusha, haraka. Karatasi ikatoka na manjano. Akatupa, akachukua nyingine. Halafu akaacha karatasi, akashika mti kwa kiganja kitupu, akaanza kusugua. Sasa hapo ndipo wale wanunuzi wa chai walipoacha kunywa. Kiganja kile kilipanda na kushuka kwa kasi ambayo jicho halikuifuata, na wala bega halikutikisika. Kazi yote ilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Mti ukapata moto. Mafuta yaliyokuwa yamezama yakaanza kutokeza juu, jasho jembamba, na karatasi ikayalamba. Tena kiganja. Tena karatasi. Ya nane ilitoka nyeupe.

Pek-hun alikuwa amechuchumaa mbele yake, kinywa wazi. Miaka tisa wamekaa nyumba moja na alikuwa hajawahi kumwona akifanya kazi yake. "Mama," alisema polepole, "mikono gani hiyo?"

"Noti," Bi Siok-go alinyoosha mkono bila kuinua kichwa.

Akapewa ile noti nyekundu. Akaikunja, akasugua mara ishirini. Akafumba macho, akapitisha kidole. "Hapa bado." Akasugua mahali padogo kama kucha. Akapitisha tena. "Haya. Ya juu yametoka. Ya ndani yatarudi mkono ukipata joto, kwa hiyo nisikilize. Usisubiri igome. Karatasi ya spiriti kidogo, taulo, noti. Kila unapokaa, na kila unaposimama. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nenda."

Pek-hun aliipitisha fimbo kwenye pete ya vidole vyake. Akashusha pumzi. Akaondoka mbio.

*

Mara hii Bi Siok-go hakuomba kuelezwa kitu. Bun-liong alimweleza tu, kwa aibu, kwa sauti ya chini ya mtu anayetafuta njia ya kurudi: unaanza na mpira wenye namba ndogo, unapanda moja moja, anayeingiza wa tisa ndiye kachukua raundi. Pigo la kwanza la kutawanya mipira ni kwa zamu: raundi hii nafungua mimi, inayofuata unafungua wewe. Bi Siok-go aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaangalia fimbo.

Ilikuwa inapita. Inapita kama haipo.

Tano kwa tatu. Tano kwa nne. Sin-i akachukua moja, Pek-hun akajibu na moja. Kila alipokaa aliitoa karatasi, akaipitisha, taulo, noti. Kila aliposimama, taulo, noti. Wale wa karanga nyuma hawakucheka tena. Mmoja alisikika akimnong'oneza mwenzake, "Umeona? Umeiona mikono ile?" Bi Siok-go alisikia, na kifua chake kikavimba kwa fahari ambayo hakuwa na haki nayo hata kidogo.

Raundi ya kumi na tano, ubao ukisoma saba kwa saba, mpira mweupe ulibanwa nyuma ya mwingine. Hakukuwa na njia. Bi Siok-go aliangalia kushoto, akaangalia kulia, hakuiona. Pek-hun aliizunguka meza mara moja. Akapangusa. Akainama, kidevu juu ya fimbo, akatulia. Akatulia tena. Bi Siok-go alihesabu pumzi zake mwenyewe, tatu, nne. Kisha fimbo ikarudi nyuma pole, pole mno, ikasimama, ikaenda.

Mpira mweupe uligonga ukingo, ukagonga wa pili, ukapinda mahali ambapo hakuna kitu cha kuupinda, ukaja ukaugusa ule mpira uliofichwa, na ule ukatembea kwa adabu mpaka shimoni ukadondoka. Mweupe ukaendelea kidogo, ukasimama pale pale ulipotakiwa kwa pigo la pili.

Ukumbi mzima ulilipuka. Bi Siok-go peke yake hakupiga makofi. Vinyweleo vilikuwa vimemsimama mikono yote miwili. Katika miaka thelathini na moja aliwahi kuona kitu cha namna hiyo mara moja, siku fundi mkuu wa karakana alipokata kope la mungu mke wa bahari: pigo moja la patasi, halirudiwi, na mti wa miaka mia tatu unasubiri. Siku ile karakana nzima iliacha kazi. Na kitu hicho, alijiambia, kitu kama hicho kinalala chumba cha pili, kinanipikia uji, kinanichua magoti, na mimi nikakiambia kiache.

"Mama, unalia?" Bun-liong aliuliza.

"Tazama mchezo."

Nane kwa saba. Sin-i akasawazisha. Nane kwa nane, na imebaki moja.

Zamu ya kufungua ilikuwa ya Sin-i. Msichana alivuta pumzi, akapiga, mipira ikatawanyika kwa kishindo na miwili, wa pili na wa sita, ikaingia. Akabaki mezani. Na huo, kwa wasioujua mchezo huu, ndio ukatili wake: aliye mezani asipokosea, wewe huna la kufanya. Unakaa.

Pek-hun alikaa. Sin-i akaingiza wa kwanza. Pek-hun akatoa karatasi ya spiriti, akaipitisha kutoka juu kuja chini. Sin-i akaingiza wa tatu. Pek-hun akachukua taulo. Sin-i akaingiza wa nne, wa tano. Noti, juu chini, juu chini, halafu kidole kikipima, halafu pale penye shaka mara moja zaidi.

"Anapangusa ya nini sasa?" mtu wa karanga alinong'ona. "Huyu hana zamu tena." Hakuwa anadhihaki. Alisema kwa huruma.

Bi Siok-go hakumjibu. Alikuwa anaona kwamba mkwe wake haombi. Hamwombei yule binti mabaya, wala hatazami ubao. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Wa saba ukaingia, wa nane ukaingia, ukabaki wa tisa peke yake mbele ya shimo, mpira ambao hata mtoto angeuingiza, na Pek-hun alikuwa bado anasugua sehemu ya juu ya fimbo kwa noti, taratibu, bila kuruka hatua. Kama mpira ule ungegoma mdomoni, angeinuka akiwa tayari, na fimbo ingekuwa safi kuliko wakati wowote siku ile.

Mpira haukugoma.

Pek-hun akasimama wa kwanza kupiga makofi. Sin-i alimwendea mbio, akainama mbele yake mpaka kiunoni. "Dada, asante."

"Umecheza vizuri mno, mdogo wangu. Kambini ule vizuri, umekonda."

*

Garini hakuna aliyewasha redio. Walipoikaribia Lukang, Pek-hun alisema bila kugeuka, "Mama, zile raundi za mwanzo, sijui kama ningezishinda hata bila mafuta."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Sijui kweli."

Saa tisa mchana walikuwa nyumbani. Bun-liong alikwenda kwa jirani kumchukua mtoto. Pek-hun aliifungua fimbo, akavifuta vipande vyote kwa mara nyingine, akaviweka kwenye mfuko wake, akapanda juu ya kiti, akausukuma mfuko juu ya kabati mpaka ukagusa ukuta. Akashuka. Akaenda jikoni kuosha mchele.

Bi Siok-go aliyaona yote hayo akiwa mlangoni. Akaingia sebuleni, akawasha ubani, akajishusha kwenye vigae mbele ya madhabahu, goti moja baada ya jingine, akisema "aii" kila moja. Akachukua vile vijiti viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, upande mmoja mgongo. Ukivitupa vikalala kimoja bapa juu na kingine mgongo juu, mzee amekubali. Migongo miwili, amekataa. Bapa mbili, anakucheka. Na kwa jambo zito kama kufungua nadhiri, lazima akubali mara tatu mfululizo.

"Baba Liong," alimwambia marehemu mumewe, "nimekuja kuhusu ile nadhiri."

Akatupa. Bapa mbili.

"Unacheka nini? Mimi sicheki."

Akatupa. Migongo miwili.

"Sikiliza kwanza! Maneno yale hayakuwa yake, mimi ndiye niliyemtia mdomoni. Na fimbo ilichafuliwa, na aliyeichafua ni mimi. Sasa unamdai yeye nini?"

Akatupa. Kimoja na kimoja. Akatupa tena: migongo miwili. Akaanza upya. Vijiti viligonga vigae, tak, tak, akaviokota, tak, tak, akaviokota, na kila safari alikuwa na neno la kuongeza: kwamba wali wa Jumamosi ataupika yeye, kwamba wa sokoni wakimuuliza tena, atawajibu kwa sauti, kwamba yeye marehemu hakuiona mikono ya mkwe wao, na angeiona asingethubutu kubisha namna hii.

Pek-hun alitokea jikoni, mikono inachuruzika maji. "Mama! Magoti yako!"

"Nyamaza. Naongea na mume wangu."

"Mama, inatosha. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Amekubali mara mbili mfululizo. Imebaki moja. Usinitoe akilini."

Pek-hun akapangusa mikono kwenye nguo. Bi Siok-go alivishika vijiti kifuani, akafumba macho, safari hii hakusema kitu. Akatupa. Kimoja kililala pale pale mbele yake, bapa juu. Kingine kiligonga mguu wa meza, kikaruka, kikaingia uvunguni mwa madhabahu.

Hakuna aliyesogea.

"Kimelalaje?" Bi Siok-go aliuliza. "Angalia wewe, mimi siinami huko."

Pek-hun alipiga magoti, akaweka shavu kwenye kigae, akawasha taa ya simu. Alikaa hivyo kwa muda. Bega lake likaanza kutikisika.

"Kimelalaje, A-Hun? Sema!"

"Njoo uone mwenyewe, Mama. Sitaki uje useme kesho nimekudanganya."

"Usikiguse lakini!"

"Sikigusi."

Bi Siok-go alijivuta kwa viwiko, akalala chini mzima mzima, blauzi ya harusi kwenye vumbi, akaweka shavu lake karibu na la mkwe wake. Kule ndani kabisa, kwenye mwanga wa simu, kijiti kilikuwa kimelala kimya, mgongo juu.

Bun-liong aliingia na mtoto mkononi, akawakuta wote wawili wamelala sakafuni mbele ya mababu, wanacheka na kulia kwa pamoja, na mama yake akisema kwa mtu asiyeonekana, "Si ungesema tangu mwanzo, mzee wewe!"